Kipupwe Dodoma: ukihisi baridi, tafuta kwanza joto linapotelea wapi

Aliyekulia Tanga au Dar es Salaam akihamia Dodoma mwezi wa Februari huona watu wanamtania wanapomwambia anunue blanketi zito. Mimi nilicheka. Nilikuja na shuka mbili, chandarua na feni, tena feni ndiyo niliyoibeba kwa uangalifu kuliko vyote. Kufika katikati ya Juni nilikuwa nalala na suruali ya jinzi, soksi jozi mbili na taulo kichwani, na bado saa kumi alfajiri naamka meno yanagongana.

Tangu hapo nimepanga vyumba vinne: Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota na sasa Ipagala. Kila kimoja kilikuwa na baridi ya aina yake. Kimoja kilipitisha upepo, kingine kilikuwa na sakafu kama barafu, cha tatu kilinidondoshea maji usoni. Ndipo nilipoacha kuuliza "nipate wapi moto?" nikaanza kuuliza "joto langu linapotelea wapi?" Swali la pili lina majibu ya bei rahisi zaidi, na mengine ni ya bure kabisa.

Ubaridi wenyewe una maelezo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili, anga hubaki wazi kwa miezi. Usiku wenye mawingu huhifadhi joto la ardhi, lakini usiku wa nyota tupu unaliachia lote lipande juu. Kwa hiyo mchana wa Julai unaweza kutembea na fulana kwenye nyuzi 26 au 27, na alfajiri ile ile kipimo kikashuka hadi 13 au chini yake. Ongeza upepo wa kusini-mashariki unaovuma kiangazi chote ukipita nyika isiyo na kizuizi. Jamaa wa Singida, walio juu zaidi yetu, wanaujua vizuri kuliko sisi.

Habari njema imo humo humo: kila siku tunapewa saa saba au nane za jua kali bila malipo. Kazi ni kulikamata hilo joto na kutolipoteza kabla ya alfajiri.

Umejifunika blanketi mawili na mgongo bado unaganda

Ukiamka na baridi usiku, usijivute blanketi kwanza. Pitisha mkono chini ya kiuno, kati yako na godoro. Kama ubaridi unatoka chini, blanketi la tatu halitakusaidia chochote.

Sababu ya kwanza ni godoro. Sponji huzuia baridi kwa sababu ya hewa iliyofungwa ndani ya vitundu vyake. Godoro jembamba, au lililolaliwa miaka mitano hadi likatengeneza bonde katikati, halina hewa tena pale mwili wako unapobana. Kisha angalia chini ya kitanda. Vitanda vyetu vingi ni vya chaga, na kati ya chaga na chaga upepo unapita utakavyo. Unalala juu ya dirisha.

Dawa yake ni maboksi. Nenda duka la jumla, omba maboksi ya sabuni, yakate yawe bapa, uyapange tabaka mbili juu ya chaga kisha urudishe godoro. Magazeti ya zamani nayo yanafaa ukiyapanga mengi. Anayelala chini kwenye saruji aanze na mkeka au sandarusi ili unyevu usipande, halafu maboksi tabaka tatu au nne, ndipo godoro. Mimi nilifanya hivyo Nkuhungu, na usiku huo huo blanketi moja lilitosha. Nilikasirika kidogo, maana wiki mbili kabla nilikuwa nimenunua la pili kwa mkopo.

Tahadhari moja: kunguni wanapenda maboksi. Yakague kila wiki mbili tatu, yabadilishe kila mwezi, na usichukue lililokaa na vyakula.

Sababu nyingine ni blanketi lenyewe. Lishike mbele ya mdomo upulize. Kama pumzi inapita hadi unaihisi kwa mkono upande wa pili, na upepo unapita vivyo hivyo. Blanketi la manyoya huhifadhi joto vizuri ila haliwezi upepo. Lifunike juu kwa kitu kilichofumwa kwa kubana: shuka la kimasai, kitenge kizito, hata pazia la zamani. Mpangilio ni huo, chenye manyoya ndani na kilichobana nje. Ukienda soko la Sabasaba kutafuta duveti la mtumba, fanya jaribio hilo hilo la kupuliza pale pale kibandani, na ulikunje uone linarudi kuvimba au linabaki limelala. Lililolala limeshakufa, hata likiwa na maua mazuri.

Sababu ya tatu hupuuzwa: unyevu. Mwili hutoa jasho usiku hata kwenye baridi, na kitambaa chenye unyevu hunyonya joto. Anika godoro na blanketi juani angalau mara moja kwa wiki, uyaingize ndani kabla ya saa kumi na moja jioni yangali na joto, uyakunje pamoja hadi wakati wa kulala. Ukisubiri hadi magharibi yanakuwa yamekwisha poa, kazi yako imekuwa bure.

Jioni chumba kina joto, saa tisa usiku kimekuwa friji

Washa ubani au udi mdogo, zima taa zinazokuvuruga, shika ule moshi karibu na dirisha, chini ya mlango, na pale ukuta unapokutana na bati. Moshi utakuonyesha. Pale moshi unapokimbia kwa nguvu ndipo pa kuziba. Ukimaliza, uzime kabisa.

Vyumba vingi vya kupanga hapa madirisha ni nondo na nyavu tu, bila kioo. Nyavu zinazuia mbu. Upepo zinaukaribisha. Pigilia sandarusi au nailoni nzito kwa ndani, ukiiacha ifunguke upande mmoja ili mchana uiinue. Chini ya mlango tandika soksi ndefu au mguu wa suruali ya zamani uliojazwa mchanga na kushonwa. Mchanga wa mtoni Dodoma hauhitaji kununuliwa, na ule uzito wake unaufanya ukae pale unapouweka.

Ule mwanya kati ya ukuta na bati una siasa yake. Usiuzibe wote. Ziba upande wa kusini na mashariki, unakotoka upepo, na upande wa pili acha nafasi ya hewa pale juu kabisa. Mvuke wa pumzi zenu unahitaji njia ya kutoka, na nitaeleza hapo mbele kidogo kinachotokea usipoupa njia.

Kisha angalia kitanda kimekaa wapi. Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa kuwa Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Ukuta wa kusini haupati jua la moja kwa moja siku nzima, na ndio huo huo unaopigwa na upepo. Ukuta wa magharibi unaokwa alasiri yote, na tofali likishika joto hulitoa polepole hadi usiku. Ukigusa kuta zako nne saa mbili usiku utashangaa tofauti yake. Sogeza kitanda kwenye ukuta wenye joto, au ule unaopakana na chumba cha jirani. Hutalipia hata shilingi, labda tu jasho la kusukuma kabati.

Wagogo walilijua hilo kabla ya saruji. Tembe ina paa bapa la miti na udongo mzito, na udongo huo unachelewa kupata joto na unachelewa kulipoteza. Bati ni kinyume chake: saa saba mchana linachoma, saa mbili usiku limekwisha poa, na kuelekea alfajiri linaweza kuwa baridi kuliko hewa yenyewe ya nje kwa sababu linatazama anga tupu. Asiye na dari anaweza kushona viroba vitupu viwe shuka moja kubwa, akakitundika chini ya kenchi kwa misumari na kamba. Hakitapendeza. Lakini ile hewa iliyo kati ya kiroba na bati inafanya kazi ya blanketi.

Zoea pia ratiba ya madirisha: fungua saa nne asubuhi hewa ikishapata joto, funga saa kumi na moja kabla jua halijazama. Wengi tunafanya kinyume, tunafungua alfajiri "hewa safi iingie" na kufunga mchana kwa sababu ya vumbi. Vumbi ni kweli, lipo. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

Kichwa kizito, kichefuchefu, magoti hayana nguvu, na jiko la mkaa limo ndani

Hapa acha kusoma kama umo kwenye hali hiyo. Toka nje, toa na wenzako, ndipo urudi kwenye maelezo.

Mwaka wangu wa kwanza, Chang'ombe, nilipika maharage jikoni barazani, na mkaa ulipobaki nikaona ni hasara kuuzima. Nikaingiza jiko chumbani, nikafunga mlango. Mkaa ulikuwa umekolea mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga. Nilidhani ni njaa. Aliyeniokoa ni bibi mwenye nyumba, aliyepita akaona mwanga chini ya mlango.

"Mjukuu wangu, umeingiza jiko?"

"Nimeliweka kidogo tu, bibi, chumba kipate joto."

"Hicho kidogo ndicho kinachozika watu. Litoe!"

Nilipoinama kulibeba nikayumba, nikakaa chini kwa nguvu. Nusu saa barazani kwenye upepo ule ule niliokuwa nikiukimbia, kichwa kikaanza kupungua.

Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya inavyoshikamana oksijeni, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Kutokuwepo kwa moshi ndiko kunakowadanganya watu. Mkaa uliokolea, hata uliofunikwa na majivu, unaendelea kuitoa. Aliyelala haamshwi na chochote. Usingizi unakuwa mzito zaidi hadi mwisho.

Utaitofautishaje na malaria au mafua? Angalia mambo matatu. Hakuna homa. Mnaumwa wote mliomo chumbani kwa wakati mmoja, na wakati mwingine kuku au paka naye amelegea. Na mkitoka nje mnapata nafuu, mkirudi inarudi.

Nimesikia kinga nyingi za uongo. Beseni la maji kando ya jiko: hewa hii karibu haiyeyuki kwenye maji, beseni linapamba tu. Dirisha lililoachwa upenyo wa kidole: halitoshi, na usiku wa baridi mtu huamka akalifunga. Kusubiri mkaa "ukomae": nimekwisha sema. Kumnywesha aliyezidiwa maziwa: maziwa yanaenda tumboni, sumu iko kwenye damu, na aliyelegea anaweza kupaliwa.

Ukimkuta mtu amezidiwa, vuta pumzi nje, ingia, fungua mlango wazi, mburute atoke. Usikae ndani kumwamsha. Hata akizinduka mpeleke hospitali na useme wazi kwamba alikuwa na jiko ndani, kwa sababu tiba ni oksijeni. Akipumua hewa ya kawaida, mwili huhitaji kama saa nne au tano kupunguza nusu ya sumu hiyo. Akiwekewa oksijeni kamili inachukua kama saa moja hadi moja na nusu. Kama hapumui, piga kelele majirani waje, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na anayejua kumpa pumzi na kubana kifua aanze bila kungoja. Mjamzito apelekwe hata akisema yuko sawa, kwani mtoto tumboni huathirika zaidi ya mama.

Sasa, joto la lile jiko si lazima lipotee. Jiko likibaki barazani, ingiza sufuria. Chemsha maji kwenye mkaa wa mwisho, funika, lete ndani. Sufuria ya lita tano iliyofungwa kwa khanga inakaa na joto muda mrefu, na maji yake yanajaza chupa za kulalia. Nimekwisha eleza hili kwa wapangaji watatu na wote waliniuliza mbona hawakufikiria.

Kuhusu chupa: za plastiki za maji ya dukani hulegea na kujikunja ukimimina maji yanayochemka. Acha maji yapoe hadi unaweza kuvumilia kidole kwa sekunde moja mbili, jaza, kaza kifuniko, ipindue kuona kama inavuja, ivalishe soksi. Weka miguuni dakika kumi kabla ya kupanda kitandani. Usimlaze nayo mtoto mchanga wala mtu mwenye kisukari asiyehisi vizuri miguuni; ataungua bila kujua.

Jiko la gesi ndani ya chumba kilichofungwa nalo si la kuotea moto. Na mshumaa au kibatari karibu na chandarua, hapo sina cha kueleza.

Asubuhi bati linadondosha maji na hakukunyesha

Ni pumzi zenu. Watu wanne kwenye chumba kidogo, nguo zilizofuliwa zimeanikwa kwenye kamba ndani, maji ya kuoga yamechemshiwa humo humo: mvuke wote unapanda, unakutana na bati lililopoa, unageuka matone. Yanadondoka kwenye blanketi, blanketi linalowa, na mnaamka mkiwa na baridi kuliko mliyolala nayo.

Anika nje. Chemshia nje. Acha ule upenyo wa juu niliousema. Mvuke ukitoka, chumba hakipoi kiasi unachodhani, maana kinachokupoza zaidi ni upepo wa chini unaopita usawa wa kitanda.

Umenunua hita, umeme wa LUKU haukai

Tupige hesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa moja inakula uniti 2. Saa tano kwa usiku ni uniti 10. Wateja wa matumizi madogo wa majumbani, wale wa bei nafuu, hawatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi; kwa hita hiyo usiku wa nane umeshavuka, kabla hujawasha taa wala kupiga pasi. Na chumba chenye nyavu badala ya kioo unapasha joto uwanja wa mwenye nyumba.

Ndoo ya lita 20 kuitoa kwenye ubaridi wa bomba hadi joto la kuoga inahitaji kama nusu uniti. Upashe mwili. Chumba kiache. Oga maji ya moto, jikaushe vizuri hadi katikati ya vidole, panda kitandani moja kwa moja kabla ngozi haijapoa.

Tena hata hiyo nusu uniti unaweza kuipata juani. Dumu la lita 20 lililopakwa rangi nyeusi, likiwekwa kwenye saruji upande wa kaskazini wa nyumba mahali upepo haufiki, tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, linakupa maji ya uvuguvugu wa kutosha. Oga mapema, saa kumi na moja.

Kwa hita ile ya kutumbukiza kwenye ndoo: zima swichi, chomoa plagi, ndipo uguse maji. Kila mara, hata ukichelewa kazini. Usiitumie kwenye ndoo ya chuma. Na kama ekstensheni inapata joto ukiigusa, au unasikia harufu ya plastiki kuungua, waya wake ni mwembamba kwa mzigo huo. Hita na jiko la umeme vichomekwe ukutani moja kwa moja. Plagi iliyoanza kuwa nyeusi itupe leo.

Unatetemeka peke yako, wenzako wako sawa

Chumba kimoja, usiku mmoja, mwenzako anakoroma na wewe unatetemeka hadi kitanda kinalia. Tafuta chanzo mwilini. Kama kutetemeka kunafuatwa na joto kali, jasho na maumivu ya viungo, nenda ukapime. Dodoma haina malaria nyingi kama mikoa ya Kanda ya Ziwa, na hilo hilo huwafanya watu wasiifikirie. Ila kama umetoka Geita, Mwanza au Morogoro wiki mbili zilizopita, unaweza kuwa umerudi nayo. Kipimo cha haraka cha kuchoma kidole kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20.

Anayesikia baridi muda wote, hata mchana juani, akichoka akipanda ngazi chache na viganja vikiwa vyeupe, apime wingi wa damu. Aliyelala bila kula naye ataganda, kwa kuwa mwili unachoma chakula ili upate joto. Bakuli la uji wa uwele au mtama wenye karanga kabla ya kulala lina faida kuliko soksi ya pili. Halafu soksi ikibana sana inapunguza damu miguuni, na miguu inazidi kupoa. Vaa moja iliyolegea, kavu.

Pombe hukupa hisia ya joto kwa sababu inapanua mishipa ya ngozi. Joto unalolisikia ni lile linalotoka. Anayerudi kilabuni saa sita usiku akajilaza barazani Julai anaweza asiamke.

Mtoto ana viganja baridi, au mzee ameanza kuzubaa

Viganja vya mtoto havisemi ukweli. Gusa tumbo au shingo kwa nyuma. Kama hapo pana joto, yuko salama. Kama tumbo ni baridi, mvue, mweke kifuani kwa mama au baba ngozi kwa ngozi, mvishe kofia, mfunike pamoja na wewe. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani, na kifua cha mzazi ni hita isiyohitaji LUKU. Usimrundikie mablanketi mazito usoni. Akikataa kunyonya, akilegea, au akibaki baridi baada ya hapo, ni zahanati usiku huo huo.

Mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika moja kamili ukitazama saa. Kwa wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi mno. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi, usingoje asubuhi. Baridi huchangia, ila vumbi la Agosti na moshi wa jikoni ndivyo navilaumu zaidi.

Mzee hahisi baridi kama wewe. Anaweza kukuambia "niko sawa, mwanangu" huku amepoa. Ukimkuta anavuta maneno, anasahau alichokuwa akifanya, anajikwaa, na hasa kama alikuwa anatetemeka kisha ameacha ilhali mwili bado ni baridi, hajapata nafuu. Mwili umechoka kujipigania. Chini ya nyuzi 35 za mwili ni hatari. Mbadilishe nguo ziwe kavu, mfunike pamoja na kichwa, mpe chai yenye sukari kama anameza vizuri, msimsugue kwa nguvu wala kumtia kwenye maji ya moto, na mtafute usafiri. Usiku weka ndoo ya haja karibu na kitanda chake asilazimike kwenda choo cha nje saa tisa. Wazee wanaona aibu kuliomba hilo. Liweke bila kuuliza.

Midomo inapasuka, pua inatoka damu

Hewa ni kavu. Paka mafuta ya mgando, ya nazi au hata ya alizeti mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukisubiri ikauke unapaka vumbi. Magaga loweka, sugua, paka, vaa soksi. Damu puani: inama mbele, bana pale laini chini ya mfupa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Kuinamisha kichwa nyuma kunakufanya uimeze. Kunywa maji hata kama kiu haipo.

Bodaboda wa alfajiri, kifua kinabana

Sisi tunaopeleka abiria stendi ya mabasi ya Nanenane saa kumi na moja, koti tunalo, lakini mbele lina zipu na zipu inapitisha upepo kama chekecheo. Ingiza gazeti zima lililokunjwa mara mbili kati ya sweta na koti, lifunike kifua hadi tumboni. Likilowa jasho, badilisha. Kwenye magoti fanya vivyo hivyo kwa boksi jembamba ndani ya suruali. Glavu kama hazipo, soksi nene juu ya mfuko wa nailoni zinafika hadi Ihumwa na kurudi, mradi vidole viwili vibaki huru kwa breki. Abiria wako naye mwambie akae karibu, avute mtandio usoni, na asikulalie begani: wa jana alisinzia kabisa nikamrudisha nyumbani kwake akidhani tumefika stendi.